Viatu Vilivyoungua Jikoni: Le Chambon na Mchungaji Asiyetaka Kusema Uongo

Jioni moja ya baridi kali, majira ya 1940 kuingia 1941, Magda Trocmé alikuwa jikoni kwake akichochea kuni aliposikia mlango unagongwa. Alipofungua alimkuta mwanamke amejaa theluji, viatu vimelowa chepechepe, anatetemeka kwa baridi na kwa hofu. Alisema ni Myahudi kutoka Ujerumani. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa kaskazini uliokaliwa na majeshi ya Hitler, na amesikia kwamba katika kijiji hiki huenda akapata msaada. Aliuliza kama anaweza kuingia. Magda akamjibu kama ambavyo mama yeyote wa kwetu angejibu: karibu, ingia ndani.

Akamketisha, akampa chakula, akaviweka viatu vyake jikoni vikauke. Kisha akajitupia nguo begani, akatoka kwenda kwa meya. Kichwani mwake jambo lilikuwa dogo: mgeni hana karatasi, meya ana mhuri, basi. Meya alimshangaa. Akamuuliza kama yuko tayari kukihatarisha kijiji kizima kwa ajili ya mgeni mmoja, akamwamuru amwondoe mwanamke huyo kabla ya kesho asubuhi. Magda akakumbuka kuwa kijijini yuko mama mmoja Myahudi, raia wa Ufaransa, akaenda kwake akidhani damu ni nzito. Huko nako alikataliwa: mama yule aliona ni hawa Wayahudi wa kigeni wanaowaponza Wayahudi wa Ufaransa.

Aliporudi nyumbani, viatu vilikuwa vimeungua.

Leo tungesema viatu vinanunuliwa. Wakati ule viatu viligawiwa kwa kadi, na mtu alivaa jozi yake mpaka soli iishe. Magda akatoka tena usiku uleule, safari hii kutafuta viatu. Alivipata. Asubuhi mwanamke yule akaondoka na viatu vya mtu mwingine miguuni, na anwani ya mahali pa kujaribu bahati yake mbele ya safari.

Kisa cha Le Chambon-sur-Lignon husimuliwa kama hadithi ya ushindi: kijiji cha milimani Ufaransa kilichowaficha Wayahudi kwa maelfu. Mimi napenda kuanza na usiku huo kwa sababu ni usiku wa kushindwa. Mgeni wa kwanza hakuokolewa Le Chambon, alipitishwa tu. Magda mwenyewe alikuja kusimulia kwamba hapo ndipo alipojifunza: ukimpeleka mkimbizi ofisini kwa nia njema umemweka hatarini. Anachohitaji ni kadi ya chakula na kitambulisho, na kwa kuwa serikali haitampa, vyote viwili itabidi vighushiwe.

Na mume wake, mchungaji wa kijiji, alikuwa mtu ambaye neno "ghushi" lilimkaa vibaya mno. André Trocmé aliichukua Mathayo 5:37 kama ilivyo: "Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo, kwa kuwa yazidiyo hayo yatoka kwa yule mwovu." Hilo ndilo ninalotaka kulichambua. Namna gani kijiji kilichoongozwa na mtu asiyetaka kusema uongo kiliishi miaka minne kwa karatasi za uongo?

Mahali na watu wake

Le Chambon iko kusini-kati mwa Ufaransa, katika mkoa wa Haute-Loire, kwenye uwanda wa juu wenye mwinuko wa kama mita 1,000. Ni nchi ya mawe, misonobari na theluji ya miezi. Wakati wa vita ilifikiwa kwa kitreni kidogo cha reli nyembamba kilichokuwa kikipanda taratibu. Kabla ya vita familia za mijini zilikuwa zikiwaleta watoto huko kiangazi wapate hewa safi, kwa hiyo palikuwa na nyumba za wageni na mabweni kuliko kijiji cha kawaida cha ukubwa ule. Msomaji asilipite hilo haraka. Imani haifichi mtu pasipokuwa na kitanda.

Wenyeji wengi walikuwa Waprotestanti, Wahuguenoti, katika nchi ya Wakatoliki. Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV alifuta amri iliyowaruhusu kuabudu, na kwa karne nzima babu zao waliabudu porini na kuwaficha wachungaji wao ghalani, na waliokamatwa walifungwa au kupelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Mwanamke mmoja wa eneo la jirani, Marie Durand, alifungwa katika mnara wa Aigues-Mortes kuanzia 1730 hadi 1768, miaka 38, na neno moja tu la kukana imani yake lingetosha kumfungulia mlango. Kwenye jiwe la mnara ule limechongwa neno la kuhimiza kukaza moyo, kutokubali. Watoto wa Le Chambon walilelewa na habari hizo kama watoto wa pwani wanavyolelewa na habari za mababu zao waliopambana na Wareno.

Kwa hiyo neno "msako" lilipofika mwaka 1942, kwao halikuwa geni. Nyumba za wakulima zilikuwa na kumbukumbu ya mahali pa kumficha mtu kabla hajaja mtu wa kufichwa.

Trocmé alifika hapo mwaka 1934. Alizaliwa Saint-Quentin mwaka 1901, baba Mfaransa, mama Mjerumani, na vita vya kwanza vya dunia vilipita karibu na mlango wa kwao. Kijana bado, alikutana na askari wa Kijerumani aliyekataa kubeba silaha kwa ajili ya imani yake, na tangu hapo akashika msimamo wa kutopigana vita vyovyote, msimamo ambao wakubwa wa kanisa lake hawakuupenda. Ndiyo maana, nadhani, aliishia kijijini. Magda alizaliwa Florence, Italia, mwaka uleule wa 1901, mwenye damu ya Kiitalia na Kirusi. Hakuwa mtu wa kunena sana mambo ya kiroho, na aliyependa kumwita mtakatifu alimuudhi. Mwaka 1938 Trocmé na mchungaji mwenzake Édouard Theis walianzisha shule ya sekondari ya mchanganyiko, na shule hiyo ndiyo baadaye iliyowapa vijana wengi wa kigeni sababu halali ya kuonekana kijijini.

Kwanza walisema ukweli, tena hadharani

Ufaransa ilisaini kusalimu amri tarehe 22 Juni 1940. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Trocmé na Theis waliwaambia waumini kwamba wajibu wa Mkristo ni kuipinga jeuri inayotaka kutawala dhamiri yake, na kuipinga kwa silaha za Roho. Kwamba watakataa kila watakapoamriwa kinyume cha Injili. Na kwamba watafanya hivyo bila woga, lakini pia bila kiburi na bila chuki. Hayo ya mwisho, bila kiburi na bila chuki, mimi nayaona magumu kuliko ya kwanza.

Serikali mpya ya Marshali Pétain, iliyokaa Vichy, haikungoja kusukumwa na Wajerumani. Oktoba 1940 ikatoa sheria yake yenyewe dhidi ya Wayahudi, na wageni miongoni mwao wakajazwa katika kambi za kusini kama Gurs na Rivesaltes, penye njaa, tope na chawa. Trocmé alikwenda Marseille kujitolea kufanya kazi kambini. Huko akakutana na Burns Chalmers, Mmarekani wa shirika la Wakweka (dhehebu la Kikristo, ndugu wa hao Marafiki wa Kaimosi, Kenya, kama jina linakutatiza). Chalmers alimwambia jambo lililogeuza kila kitu: kuwatoa baadhi ya watu kambini inawezekana, hasa watoto, lakini hakuna kijiji kinachotaka kuwapokea. Je, ninyi mnaweza kuwa kijiji hicho?

Pesa zilitoka nje: kwa Wakweka, kwa Waswisi, kwa mashirika ya Kiyahudi na ya makanisa. Charles Guillon, aliyekuwa meya na kujiuzulu mara Ufaransa ilipoanguka, alihamia Geneva kwenye ofisi za YMCA na kuwa njia mojawapo ya fedha kupenya mpakani. Nyumba ya kwanza ya watoto chini ya Waswisi, La Guespy, ilifunguliwa 1941, na baada yake nyingine zikafuata, pamoja na vitanda visivyohesabika katika nyumba za wakulima. Madeleine Dreyfus, wa shirika la Kiyahudi la OSE, alikuwa akipanda na watoto kutoka Lyon kisha anazunguka mlango kwa mlango kuwatafutia nafasi. Alikamatwa mwishoni mwa 1943, akapelekwa kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, na alirudi hai.

Mpaka hapa hakuna siri kubwa, na wala hawakutaka iwe siri. Tarehe 16 na 17 Julai 1942 polisi wa Ufaransa walikamata Wayahudi 13,152 mjini Paris, zaidi ya 4,000 kati yao watoto. Wiki chache baadaye, 10 Agosti, waziri wa vijana wa Vichy, Georges Lamirand, akaja Le Chambon kuzuru. Alitegemea bendera na nyimbo, lakini wanafunzi wakubwa walimkabidhi barua. Ilisema kwamba wamepata habari za Paris; kwamba miongoni mwao shuleni wamo Wayahudi; kwamba wao hawabagui kati ya Myahudi na asiye Myahudi, maana ni kinyume cha Injili; na kwamba wenzao wakiamriwa kwenda kuhamishwa, au hata kujiandikisha tu, wataiasi amri hiyo nao watawaficha kadiri watakavyoweza.

Soma tena. Wanaiambia serikali, kwa maandishi: Wayahudi wapo hapa, na tutawaficha. Mwenye akili ya kivita angesema ni upumbavu. Ila kwa Trocmé huo ndio ulikuwa ukweli wa Ndiyo, ndiyo. Mkuu wa mkoa alipomgeukia kwa hasira na kumwambia kwamba siku chache zijazo watu wake watakuja kuwahesabu Wayahudi, alijibu kwamba wao hawajui Myahudi ni nini. Wanawajua wanadamu tu.

Jibu lile si la uongo na wala halimpi mwulizaji anachokitaka, na ndipo mlango wa pili, ule wa kutojua, ulipoanza kufunguka.

Sijui majina yao

Mwishoni mwa Agosti magari ya polisi yalifika na mabasi matupu. Mkubwa wao akamwita Trocmé ofisi ya manispaa, akataka orodha ya Wayahudi. Trocmé akasema hajui majina yao. Akaongeza kwamba hata kama angeyajua asingeyatoa, kwa kuwa yeye ni mchungaji wao. Lugha yetu inaubeba utani huo mchungu bila jasho, maana kwetu mwenye kanisa na mwenye kondoo ni neno moja. Mchungaji hatoi orodha ya kondoo.

Lakini "sijui majina yao" ilikuwa kweli! Wageni wengi walifika tayari na majina ya bandia, na hapakuwa na mtu aliyeuliza jina la zamani. Utaratibu wa kutouliza ulikuwa umeenea kijiji kizima. Mkulima alipokea mtoto aliyeambiwa anaitwa hivi, akamwita hivyo. Jirani hakuuliza jirani. Ujumbe ulipita kwa vijana 13 walioongoza vikundi vya kusoma Biblia, kila mmoja na watu wake. Katika barua na simu wageni walitajwa kwa mafumbo: vitabu vya Agano la Kale vinakuja, vitayarishieni mahali. Kutojua kulifanya kazi mbili: kulimlinda mgeni, na kulimwachia mwenyeji ulimi wake safi. Anayetaka kusema kweli mbele ya polisi na ahakikishe ana machache ya kusema.

Polisi walikaa kama wiki tatu wakipekua, wageni wakiwa wametawanyika misituni na kwenye mashamba ya mbali. Kwa masimulizi ya Trocmé, mabasi yale yalipata mtu mmoja. Aliketi peke yake ndani ya basi, na mtoto wa Trocmé, Jean-Pierre, akamsogelea na kipande cha chokoleti ya wakati wa vita. Watu wengine wakaiga, kila mmoja na alichonacho, hata vitu vikajaa kando ya mfungwa. Mtu yule baadaye aliachiwa.

Kutojua kuna mwisho wake, hata hivyo. Kuna mahali mtu lazima aandike, agonge mhuri, asaini. Hapo Le Chambon ilimtegemea kijana asiyefikisha miaka 20.

Oscar Rosowsky alizaliwa Berlin katika familia ya Kiyahudi, akakulia Nice, akataka kusomea udaktari akazuiwa na sheria za Vichy. Badala yake akawa fundi wa mashine za chapa, kazi iliyomfikisha ndani ya ofisi za serikali, penye fomu na mihuri. Hati yake ya kughushi ilimtoa mama yake kambini Rivesaltes. Alipopanda Le Chambon mwishoni mwa 1942, alifanya kazi hiyo usiku katika shamba la familia moja ya wakulima, na kalamu, wino, mihuri na karatasi zake zilifichwa ndani ya mizinga ya nyuki. Nani atapekua mzinga wenye nyuki? Kadi zilizotoka mikononi mwake na mwa wenzake zilitumika na wakimbizi, na baadaye na vijana wa Kifaransa waliokwepa kupelekwa kufanya kazi Ujerumani. Vita vilipokwisha akasomea udaktari wake.

Mkulima aliyempa nafasi alikuwa Mprotestanti mchaji. Hapo uwanda ulikuwa na wakulima wa kikundi kikali zaidi ya kanisa la Trocmé, watu wasiosoma kitu isipokuwa Biblia, waliowaona Wayahudi kuwa watu wa Kitabu kilekile. Habari zao hazijulikani sana kwa sababu hawakuandika wala hawakuhojiwa kwa urahisi. Mwandishi anayeniambia kwamba Le Chambon ni kazi ya mchungaji mmoja mwenye ushawishi, namuuliza: na huyo mwenye mizinga?

Sahihi ambayo hawakuiweka

Februari 13, 1943, polisi wa Ufaransa walikuja kumkamata Trocmé. Hakuwapo nyumbani, ikabidi wamsubiri; ulikuwa wakati wa chakula cha jioni, na Magda akawakaribisha mezani. Watu wamemlaumu, wengine wamemsifu kwa hilo. Yeye alisema ilikuwa saa ya kula, basi. Habari ikaenea, wanakijiji wakaanza kupanga foleni na zawadi za safari: kopo la sardini, mshumaa, sabuni, bunda la karatasi za chooni. Mshumaa bila kiberiti ungewashwaje? Afisa aliyekuja kukamata akatoa kiberiti chake mfukoni. Kule kambini Trocmé alipoifungua ile karatasi ya chooni alikuta imeandikwa mistari ya Biblia ya kumtia moyo.

Walikamatwa watatu: Trocmé, Theis na Roger Darcissac, mwalimu mkuu wa shule ya serikali, ambaye pia alikuwa akipiga picha. Walipelekwa Saint-Paul-d'Eyjeaux karibu na Limoges. Baada ya kama mwezi mmoja wakaitwa: mko huru, sainini hapa tu. Karatasi ilidai kumheshimu Marshali na kutii amri za serikali yake. Darcissac alisaini, mtumishi wa serikali aliyekwisha kula kiapo cha namna hiyo. Wachungaji wawili wakakataa. Mkuu wa kambi hakuamini macho yake: watu wanakataa uhuru kwa ajili ya sahihi? Wakarudishwa ndani. Kesho yake amri ikatoka juu, wakaachiwa bila kusaini.

Hapa ndipo kisa kinaponivuta. Wiki ileile, kule nyumbani, kadi za uongo zinatengenezwa na mchungaji anajua. Yeye naye anakataa kuweka jina lake kwenye uongo mmoja mdogo ambao ungemtoa kambini. Ni unafiki? Wengine wamesema hivyo, au wamesema hakuwa na mantiki. Mimi naona mantiki iko, ingawa yeye mwenyewe hakuipanga katika hoja. Uongo wa kadi unamkinga mwingine shingo yake. Uongo wa sahihi unamkinga yeye. Wa kwanza aliuvumilia kwa maumivu. Wa pili hakuutaka hata kidogo.

Ushahidi wangu ni kituo cha treni cha Perrache, Lyon. Mwaka 1943 alionywa kwamba Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wanamtaka, akaingia mafichoni, na kwa mara ya kwanza akabeba kitambulisho chake mwenyewe cha kughushi, jina Béguet. Akiwa na mwanawe Jacques kituoni, Wajerumani wakamkamata kwa jambo jingine dogo kabisa. Katika dakika zile za kungoja aliwaza jambo moja: wakimuuliza kama jina lake ni Béguet, atajibu nini? Akaamua hatasema ndiyo. Atasema yeye ni Trocmé, mchungaji, aliyefanya haya na haya. Hakufika kuulizwa, alipata upenyo, akamshika mtoto mkono, wakapotelea katika msongamano wa abiria. Wafuasi wake wamependa kuieleza kama ujasiri. Baba mwenye mtoto pembeni anaweza kuiona tofauti, na sidhani anakosea.

Wasomaji wa Biblia watanikumbusha Rahabu, aliyewaficha wapelelezi chini ya mabua ya kitani juu ya dari na kuwaambia watu wa mfalme wamekwisha kwenda. Na wazalisha wa Kiebrania, Shifra na Pua, waliomdanganya Farao, na Mungu akawatendea mema. Mifano ipo, na Trocmé aliijua vizuri kuliko sisi. Yeye alipendelea kuhubiri miji ya makimbilio, ile ya Hesabu 35 na Kumbukumbu la Torati 19, damu isiyo na hatia isimwagwe ndani ya nchi. Hakuutafutia uongo aya ya kuutakasa. Aliuacha ubaki deni.

Palipovunjika

Majeshi ya Ujerumani yaliingia kusini Novemba 11, 1942. Kwa muda onyo la simu lilitosha: sauti isiyojitambulisha ingeipigia nyumba ya mchungaji, jihadharini kesho, na vikundi vya watoto vingekwenda msituni kama wanaokwenda kuokota uyoga. Nyumba iitwayo Maison des Roches ilikuwa dhaifu kuliko zote. Ilikuwa ya vijana wakubwa wa mataifa mbalimbali, ikijulikana kwa mamlaka, na wengi hawakuingia mafichoni. Asubuhi ya Juni 29, 1943 Gestapo wakaizingira.

Mkuu wa nyumba, Daniel Trocmé, ndugu wa ukoo wa mchungaji, mwenye umri wa miaka 31 na moyo mgonjwa, siku hiyo alikuwa katika nyumba nyingine ya watoto, Les Grillons. Angeweza kutoka nyuma akaingia msituni. Alibaki na kwenda na vijana wake. Magda alifika akapenya mpaka jikoni, akavaa sura ya mfanyakazi wa nyumba, akazungumza na waliokuwa wakiitwa mmoja mmoja chumba cha mahojiano, wakimpa ujumbe na anwani za mama zao. Akagundua pia kwamba mmoja, kijana Mhispania, wiki kadhaa nyuma alimwokoa askari wa Kijerumani aliyekuwa anazama mto Lignon. Akakimbia hadi hoteli walipokaa Wajerumani wale, akawaomba ushahidi, wakautoa, na kijana akaachiwa. Ni mmoja.

Wanafunzi 18 walichukuliwa. Watano waliotambuliwa kuwa Wayahudi walipelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, wakafa. Daniel, aliyewatetea Wayahudi mbele ya waliomhoji badala ya kukana, alipelekwa kambi hadi kambi na kufia Majdanek Aprili 1944. Daktari wa kijiji, Roger Le Forestier, aliyewahi kutibu watu Lambaréné, Gabon, katika hospitali ya Albert Schweitzer, alipigwa risasi Saint-Genis-Laval Agosti 20, 1944, kama wiki mbili kabla Wajerumani hawajaondoka Lyon.

Idadi ya waliookolewa ina mabishano. Inayotajwa sana ni wakimbizi 5,000, kati yao Wayahudi 3,000 hadi 3,500, kwa uwanda wote na kwa miaka yote. Baadhi ya watafiti wanaiona kubwa mno. Wengi walipita tu, wengine wakivushwa kwa miguu na treni mpaka Uswisi, safari ya kama kilomita 300. Na uwanda ule haukuwa wa wapenda amani pekee: wapiganaji wa msituni walikuwapo, silaha zilidondoshwa kwa miavuli, na huyo meya aliyemkatalia Magda hakuwa peke yake katika woga wake. Ufaransa nzima Wayahudi wapatao 76,000 walihamishwa kupelekwa kambini, na karibu wote hawakurudi.

Yad Vashem ya Yerusalemu, taasisi ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na ya waliowaokoa, ilimtambua André mwaka 1971, Magda 1984, na mwaka 1990 ikakitambua kijiji chote pamoja na jirani zake. Magda alipohojiwa uzeeni bado lile la karatasi lilimchoma. Watoto wa kijiji, alisema, walijifunza kudanganya kila siku, wakadanganya vizuri, na baada ya vita ikabidi wafundishwe upya, na wengine hawakuona tena kwa nini kusema kweli ni jambo kubwa hivyo. Wanahistoria hawaandiki hasara ya namna hiyo. Mama anaiona mezani.

Desemba 2020 mzee mmoja, Eric Schwam, alifariki akiwa na miaka 90. Alizaliwa Vienna, akafika Le Chambon mwaka 1943 akiwa mtoto na wazazi wake na bibi yake, wakafichwa mpaka vita vikaisha. Baadaye alisomea ufamasia, akaishi maisha ya kimya mbali na hapo. Wosia wake ulipofunguliwa, ilikutwa amekiachia kijiji urithi wa takriban euro milioni mbili. Ofisi ya meya, ileile ambayo Magda aliikimbilia na kufukuzwa, ikaanza kutafuta habari zake. Zilikuwa chache. Alipokuwa pale hakuna aliyemuuliza.